Maumivu yakihama kutoka mguuni kwenda kiunoni: jibu kwa fundi cherehani mwenye sayatika

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Morogoro. Wiki saba sasa nina maumivu yanayoanzia tako la kulia, yanashuka nyuma ya paja na shavu la mguu mpaka ukingo wa nje wa unyayo, na kidole kidogo kina ganzi. Nikikohoa au kupiga chafya yanapiga kama shoti. Nimechomwa sindano za maumivu matakoni pale duka la dawa, nafuu ni ya siku mbili tu. Majibu ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili, yanasema diski ya L5/S1 imetokeza na kugusa neva, na daktari ametaja upasuaji. Mama mkwe anasema ni chango, nikandwe. Nimelala sakafuni wiki mbili kama nilivyoshauriwa. Sasa tangu wiki iliyopita mguu umepungua kuuma, ila kiuno ndiyo kimechachamaa kuliko mwanzo. Naogopa ugonjwa umepanda juu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Nianze na hilo linalokutia hofu, maana ndilo lenye habari njema kuliko yote uliyoniandikia. Maumivu ya sayatika, yaani ya neva inayotoka kiunoni na kushuka mguuni, yakiachia mguu na kukusanyika kiunoni, hata kama kiuno kinauma kuliko mwanzo, mara nyingi ni dalili kwamba neva inapata nafuu. Ugonjwa haujapanda. Sisi watu wa fiziotherapia, tiba ya viungo na mazoezi, tunamuuliza mgonjwa kwanza maumivu yanafika wapi, ndipo tunauliza yanauma kiasi gani. Yakitoka unyayoni yakaishia gotini, wiki inayofuata yakaishia pajani, kisha yakabaki kwenye tako na kiuno, hiyo ndiyo njia ya kupona. Yakishuka kinyume chake, tuseme yalikuwa pajani sasa yamefika kisiginoni, hapo ndipo tunapokunja uso, hata kama mgonjwa anasema makali yamepungua.

Jambo hili lilianza kufuatiliwa kwa bahati tu. Mwaka 1956, Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake aingie chumbani alale kifudifudi amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeachwa na upande mmoja umeinuliwa. Mgonjwa akalala hivyohivyo, kifua juu, mgongo umepinda kwa nyuma, mkao ambao wakati ule ulihesabiwa kuwa wa hatari kwa mtu wa namna yake. McKenzie aliporudi baada ya dakika chache alishtuka. Mgonjwa akamwambia kwamba kwa wiki kadhaa hajawahi kuwa na nafuu ya mguu kama aliyonayo pale. Kutokana na tukio hilo McKenzie alijenga utaratibu mzima wa kuwapima wagonjwa kwa kuangalia mkao upi unayarudisha maumivu juu na upi unayashusha, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba wale ambao maumivu yao yanarudi juu wana matumaini mazuri zaidi ya kupona bila kisu. Kwa hiyo hicho ulichokiona wiki iliyopita, kishike. Ndicho kitakachokuongoza katika kila nitakalokueleza hapa chini.

Sasa tuone kilichotokea mgongoni mwako. Neva ya sayatika ndiyo nene kuliko zote mwilini. Inapopita ndani ya tako unene wake unakaribia wa kidole. Inaundwa na mizizi mitano inayotoka kwenye pingili mbili za mwisho za kiuno na kwenye mfupa mpana ulio chini yake, ule unaokaa katikati ya nyonga kwa nyuma. Herufi L kwenye karatasi yako ni pingili za kiuno, S ni mfupa huo wa chini. L5/S1 basi ni diski ya mwisho kabisa, na hiyo pamoja na iliyo juu yake ndizo zinazoharibika kwa watu wengi, kwa kuwa hubeba uzito mkubwa na hukunjwa kuliko nyingine. Diski ni kama mto kati ya pingili na pingili, ina ukingo mgumu kwa nje na ute mzito kwa ndani. Ukingo ukichanika, ute husukumwa nyuma na kugusa mzizi wa neva unaopita pale. Kwako ni mzizi wa S1, ambao eneo lake ni nyuma ya paja, shavu la mguu, ukingo wa nje wa unyayo na kidole kidogo. Wewe umenitajia njia hiyohiyo neno kwa neno, kana kwamba umeisoma kitabuni.

Wewe ni fundi, utalielewa hili haraka: uzi ukinasa kule juu unakotokea, mshono huharibika huku chini kwenye sindano, na ukiibadilisha sindano mara kumi hutapata kitu. Ndiyo sababu kuchua unyayo au kupaka dawa kwenye shavu la mguu hakukuponyi, ingawa ndiko kunakouma.

Kuguswa peke yake hakutoshi kuleta maumivu makali namna hiyo. Ute wa diski ukitoka nje huichokoza neva kwa kemikali zake, neva ikavimba, na neva iliyovimba haivumilii hata kikohozi. Lakini mwili nao haukai kimya. Kile kipande kilichotoka hutambuliwa kuwa ni kitu ambacho si mahali pake, na seli za ulinzi huanza kukila taratibu. Wengi hawaamini ninapowaambia kwamba vipande vikubwa, vilivyomeguka kabisa, ndivyo hupungua mara nyingi zaidi kuliko diski iliyovimba kidogo tu. Ndiyo maana idadi kubwa ya watu wenye sayatika hupata nafuu ya kweli ndani ya wiki 6 hadi 12. Wewe uko wiki ya saba.

Kabla sijaenda mbele, nataka ujipime nguvu leo hii, maana maumivu yanaweza kupungua huku neva ikizidi kudhoofika, na hapo nafuu huwa ya uongo. Una kipimo ambacho wagonjwa wengine hawana: kanyagio la cherehani. Mzizi wa S1 ndio unaoamuru kusukuma chini kwa ncha ya mguu, na ule wa juu yake, L5, huamuru kunyanyua unyayo na kidole gumba. Kanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake kwa muda, kisha wa kulia peke yake. Ukiona wa kulia unashindwa kubonyeza kwa vidole, au unachoka mapema sana kuliko mwenzake, huo ni udhaifu, na udhaifu ni jambo jingine kabisa na maumivu. Kisha simama karibu na ukuta, uguse kwa vidole viwili tu ili usianguke, simama kwa mguu wa kushoto na ujiinue juu kwa ncha ya vidole mara kumi. Rudia kwa mguu wa kulia. Malizia kwa kutembea kwa visigino kutoka mlangoni hadi dirishani, ukiangalia kama unyayo wa kulia unadondoka. Rudia vipimo hivi kila baada ya siku mbili tatu. Mguu ukizidi kudhoofika, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kuna dalili zisizosubiri hata asubuhi. Ganzi kwenye sehemu za siri na eneo lote unalokalia, pale karatasi ya chooni inapogusa usisikie vizuri. Mkojo kugoma kutoka ingawa kibofu kimejaa, au kutoka bila wewe kujua. Haja kubwa kukuponyoka. Miguu yote miwili kuuma au kulegea kwa pamoja. Hizi maana yake diski imebana fungu zima la neva za chini, na upasuaji unatakiwa haraka, ikiwezekana ndani ya saa 48, la sivyo kibofu na miguu vinaweza visirudi kama zamani. Nakuomba mumeo au yeyote unayeishi naye ayajue haya. Watu wengi huona aibu kutaja habari za choo na sehemu za siri, wakachelewa kwa ajili ya aibu hiyo. Ukifika hospitali litaje hilo kwanza, kabla hujataja mgongo.

Nikija kwa mama mkwe wako, nisikilize kwa heshima zake. Maumivu ya kiuno kwa mwanamke kwetu huitwa chango, na kwa mwanaume huitwa ngiri, hata kama tatizo liko kwenye diski. Maumivu ya mji wa mimba yapo na yanaweza kushuka mpaka mapajani, lakini mara nyingi hufuata mzunguko wa mwezi, na kwa kawaida hayavuki goti hadi kukiachia kidole cha mguu ganzi. Kama yako hupanda na kushuka kwa tarehe za hedhi, mwone daktari wa wanawake pia. Kukandwa kwa upole kwa mafuta ya nazi na kitambaa cha moto kiunoni hakuna ubaya. Misuli italegea na utalala vizuri. Ninachokataza kwa nguvu zote ni kukanyagwa mgongo, kuvutwa mguu kwa ghafla, na kukandwa kwa kiwiko juu ya tako pale neva inapopita. Diski iliyokwisha kuchanika haihitaji uzito wa mtu mwingine juu yake.

Yapo mambo mengine yanayojifanya sayatika, na katika nchi zetu moja ni lazima litajwe, nalo ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huanza polepole, kiuno au mgongo unauma mchana na usiku bila kujali umekaaje, jioni homa, usiku jasho, mwili unapungua, na mwisho pingili hubonyea mpaka kibyongo kinaonekana. Kinatibika kwa dawa, lakini kikicheleweshwa hupoozesha. Mtu mwenye dalili hizo, au aliyewahi kuugua saratani, au anayeishi na virusi vya UKIMWI, asihangaike na mazoezi ya kwenye simu, apimwe. Wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi wanaweza kupata brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ambao nao hupenda kiuno. Mwenye kisukari anayechomwa nyayo zote mbili kwa pamoja, huyo ni kisukari kinachokula neva za miguuni, si diski. Na mzee anayeumwa miguu akitembea na kupata nafuu akiinama au akikaa, huyo njia ya neva imekuwa nyembamba, na mazoezi yake ni kinyume na yale nitakayokupa wewe. Ungekuwa na kifua kikuu cha mgongo, MRI yako ingekionyesha, kwa hiyo kwa upande huo tulia.

Kuhusu picha yenyewe. MRI ina tabia ya kuwatisha watu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote, ulionyesha kwamba wakifika miaka 40, nusu yao diski zimevimba kutokeza, na asilimia 68 diski zimeanza kuchakaa. Hao wanalima, wanabeba, wanacheza ngoma. Picha inakuwa na maana pale tu inapolingana na mguu wa mgonjwa. Yako inalingana, kwa hiyo naiamini. Nitakachokuomba ni usiisome tena usiku. Haisemi utapona lini. Mguu wako ndio unaosema.

Sasa sindano. Hapa sitaficha hisia zangu, kwa kuwa nimewaona watu waliokuja na ugonjwa mmoja wakaondoka na miwili. Mteja amesimama kwenye kaunta, nguo imeshushwa upande mmoja, muuzaji anachoma katikati ya tako. Katikati ya tako na kwenda chini ndiko neva ya sayatika inakopita. Sindano ikipaswa kuchomwa takoni, ni robo ya juu kwa upande wa nje, mgonjwa akiwa amelala. Ikigusa neva, mtu husikia moto unaokimbia mpaka unyayoni palepale, na wengine hubaki na unyayo unaodondoka. Uganda, madaktari wa mifupa wameandika habari za watoto wengi waliolemaa mguu kwa sindano za kwinini zilizochomwa matakoni. Na kwa yote hayo, diklofenaki ya sindano haina kitu ambacho kidonge chake hakina kwa mtu anayeweza kumeza. Tako lako la kulia lisichomwe tena.

Vidonge vyenyewe visaidie kazi, visiwe ndiyo tiba. Ibuprofeni au diklofenaki, moja kati ya hizo na kamwe zisiwe mbili kwa pamoja, baada ya kula, kwa siku chache, na kwa kipimo ulichoandikiwa. Kama una vidonda vya tumbo, presha, matatizo ya figo, au una ujauzito, usiziguse mpaka uzungumze na daktari. Parasetamo ni dhaifu kwa neva lakini ni salama zaidi ukiheshimu kipimo. Vitamini B za sindano zinazopendwa sana mitaani humsaidia aliyepungukiwa na vitamini hizo, diski hazizijui. Pregabalini, ambayo wagonjwa wengi huandikiwa kwa jina la dawa ya neva, ilijaribiwa Australia kwa watu 209 wenye sayatika, majibu yakatoka mwaka 2017: haikupunguza maumivu ya mguu kuliko kidonge kisicho na dawa, ila kizunguzungu kiliongezeka. Miongozo ya Uingereza siku hizi inashauri isitumike kwa sayatika. Kama umeshaanza kuinywa usiiache ghafla. Mwambie daktari akushushe polepole. Na zile dawa za unga zinazouzwa stendi kwa sifa ya kutibu mgongo, presha na nguvu za kiume kwa pamoja, ziache. Hujui kilichochanganywa humo.

Sakafu nayo iache leo. Mwaka 1999 Uholanzi walichukua wagonjwa 183 wa sayatika, nusu wakaambiwa walale kitandani wiki mbili, nusu waendelee na shughuli kwa kadiri wanavyoweza. Baada ya wiki mbili walioona nafuu walikuwa asilimia 70 kwa waliolala na 65 kwa wengine, tofauti isiyo na uzito. Baada ya wiki 12 pande zote mbili zilikuwa asilimia 87. Waliolala hawakupata faida, na kulala kunanyong'onyeza misuli. Godoro lisilobonyea sana wala lisilo gumu kama ubao linatosha. Lala ubavu, mto katikati ya magoti. Ukizidiwa, lala chali na uweke miguu juu ya kiti, magoti yamekunjwa, kwa dakika kumi. Huo ni mkao wa kupumzika, usiugeuze kuwa makazi.

Sasa zoezi lenyewe. Tandika mkeka mahali pagumu kiasi, lala kifudifudi, mikono pembeni, dakika tatu. Sikiliza maumivu yako wapi. Kama hayakushuka mguuni, inuka juu ya viwiko, nyonga zibaki chini, kaa hapo dakika mbili tatu. Kama bado mguu umetulia au umepungua, weka viganja chini ya mabega na usukume kifua juu kwa mikono peke yake, kiuno kilegee kabisa, tumbo la chini lisitoke kwenye mkeka. Shuka. Rudia mara kumi, taratibu. Kiuno kitauma, na hilo linaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni mguu kuanza kuchoma chini zaidi ya ulivyokuwa, au ganzi kuongezeka na kubaki. Ikitokea hivyo rudi hatua moja nyuma, na kama hata kulala kifudifudi kunashusha maumivu, acha kabisa. Mwili wako unataka upande mwingine na utahitaji mtaalamu akuone kwa macho. Ikikufaa, fanya kila baada ya saa mbili au tatu mchana kutwa, mara kumi kila safari. Zoezi la mara moja kwa siku halitoshi hapa, kwa sababu kila unapoinama unaitengua kazi uliyoifanya.

Baada ya wiki moja hivi, mguu ukiwa umetulia, ongeza zoezi la kuitelezesha neva. Kaa kwenye kiti kirefu, nyoosha goti la kulia polepole huku ukiinua kidevu kutazama juu, kisha kunja goti huku ukiinamisha kichwa. Nenda na rudi bila kusimama, mara kumi. Usivute mguu ukaushikilia pale unapochoma. Neva iliyovimba haipendi kuvutwa, na makosa mengi ninayoyaona kwa watu wanaojifundisha wenyewe ni hayo ya kuunyoosha mguu kwa kanga mpaka machozi yatoke wakidhani wanaufungua.

Tembea. Dakika tano au kumi kwenye tambarare, mara nne tano kwa siku, ni bora kuliko saa nzima jioni. Bodaboda kwenye barabara yenye mashimo ikwepe mwezi huu.

Kazi yako ndiyo inayonipa shida zaidi, kwa sababu cherehani inakukunja mbele kwa saa nyingi, na mkao huo ndio unaosukuma ute wa diski nyuma. Sikwambii uache kazi. Panga kwa vipande: ukimaliza upande mmoja wa gauni simama, shika kiuno kwa viganja, pinda nyuma mara tano, ndipo urudi. Kata vitambaa na upige pasi ukiwa umesimama mezani, na ukae kwenye cherehani pale tu kuna mshono wa kushona, usikae hapo kutoa vipimo na kupiga soga na wateja. Kiti kiwe cha juu kiasi kwamba magoti yawe chini kidogo ya nyonga, na kisogezwe karibu ili kichwa kisilazimike kuifuata sindano. Weka taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno. Kama kuna namna ya kuazima cherehani ya mota kwa wiki chache, azima, upumzishe mguu wa kulia.

Nyumbani, saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo ya kuchunga. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo asubuhi kuinama kunaibana zaidi. Kufagia uani kwa fagio fupi, kudeki kwa kuinama na kufua kwenye beseni lililo chini, hayo yote yasogezwe mbele au yafanywe na mwingine kwa sasa. Beseni liwekwe juu ya benchi. Jiko la mkaa liinuliwe kwenye matofali, na kigoda kipewe likizo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Jaza nusu, iweke karibu na mwili, kunja magoti. Kula mboga, matunda na maji ya kutosha, maana kujikamua chooni hupandisha msukumo kwenye diski kama kikohozi kinavyofanya.

Nimeacha upasuaji mwisho kwa makusudi, lakini sitaki udhani naukataa. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, ndio walioonyesha wazi kwamba diski iliyotoka ndiyo inayobana neva na kwamba kuiondoa kunaleta nafuu, na tangu wakati huo upasuaji huo umesaidia watu wasiohesabika. Hofu ya mitaani kwamba ukipasuliwa mgongo utapooza imezidi kiasi. Ule ugwe wa neva unaoshuka kutoka ubongoni huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Huko chini kwenye L5/S1 kuna mizizi tu, na kupooza kwa upasuaji wa hapo ni jambo la nadra, ingawa hakuna kisu kisicho na hatari zake. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa 283 wa sayatika kali iliyodumu wiki 6 hadi 12: nusu wapasuliwe mapema, nusu waendelee na tiba ya kawaida na wapasuliwe ikibidi. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipokwisha, pande zote mbili asilimia 95 walisema wamepona, na katika wale waliongoja, asilimia 39 tu ndio walioishia kupasuliwa. Maana yake ni kwamba upasuaji hununua muda. Mtu ambaye hawezi kulala, hawezi kufanya kazi, na maumivu ya mguu hayasogei upande wowote, anafanya vizuri kuununua. Mtu ambaye mguu wake umeanza kuachia wiki ya saba, kama wewe, na nguvu za unyayo ziko sawa, mimi ningemshauri angoje akifanya mazoezi mpaka wiki ya kumi na mbili. Nguvu zikipungua, au maumivu yakishuka tena mpaka unyayoni na kukaa, ushauri wangu unabadilika siku hiyohiyo. Kwa Morogoro rufaa ya upasuaji wa mgongo mara nyingi huenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kule Dar es Salaam. Usiifute miadi uliyopewa, maana hata ukiwa na nafuu ni vizuri wakupime.

Ganzi ya kidole kidogo itachelewa kuliko vyote. Neva iliyojeruhiwa hujijenga kwa kasi ya takribani milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidoleni ni mbali, kwa hiyo usishangae ikikaa miezi mingi baada ya maumivu kwisha. Kwa wengine hubaki kidogo na haizuii kazi. Mradi haipandi wala haienei.

Chukua daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma, chora umbo la mtu kwa mgongo kama unavyochora mfano wa gauni. Kila Jumapili jioni paka wino mahali maumivu yalipofikia wiki hiyo, na pembeni andika mguu wa kulia umepanda kwa ncha ya vidole mara ngapi. Nenda nalo kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa pamoja na picha yenyewe ya MRI, si karatasi ya majibu peke yake. Mwombe akupime nguvu, akugonge kwa kigongo kidogo cha kupimia neva kwenye kano ya kisigino cha kulia na cha kushoto, na akuangalie ukilifanya zoezi la mkeka mbele yake.